Dobi Aliyeingia Bungeni

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijapita, Odile Cyr alikula chapati za kwao, zile za manjano zinazopikwa upande mmoja tu. Ijumaa ile hakuzigusa.

"Una nini wewe? Jana ulimaliza nne," mama yake alisema.

"Sina njaa, Mama."

Njaa alikuwa nayo. Ila kesho yake mji mzima wa Val-Cyr ungekutana kwenye ukumbi wa kanisa kumuaga Mheshimiwa Rosanne Daigle, aliyekuwa anastaafu baada ya kuwawakilisha katika bunge la jimbo la Maine, Marekani, kwa miaka kumi na sita. Odile, mwenye miaka kumi na miwili, alichaguliwa na mwalimu wake, Bwana Pelletier, kuandika wasifu wa mbunge huyo na kuusoma. Alipewa wiki mbili za kumhoji. Wiki zote mbili alizimaliza akiteleza na wenzake kwenye barafu ya mtoni. Siku ya kuukabidhi ilipowadia, akatunga: eti Mheshimiwa alisomea uuguzi chuo kikuu, eti hakuwahi kushindwa uchaguzi. Mwalimu alimsifu mbele ya darasa zima, na sifa zile ndizo zilizomchoma.

Jioni hakushuka kituo cha kwao. Alishuka kwa Bi Daigle, akamkuta amekunja mikono ya sweta, anapanga makaratasi ya bunge kwenye maboksi.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Mimi Odile, wa kina Cyr wa maghala ya viazi."

"Marahaba. Uheshimiwa uache hapo mlangoni, mwanangu. Ingia, baridi hiyo!"

Odile alisema yote kwa pumzi moja, akamkabidhi karatasi. Bi Rosanne aliisoma, akacheka mpaka akavua miwani.

"Uuguzi! Mimi nilikuwa dobi wa hospitali. Miaka tisa nimefua mashuka ya wagonjwa."

"Nisamehe, Bi Rosanne."

"Wala hukuanza wewe." Kicheko kilikwisha. "Nilipogombea mara ya kwanza, rafiki zangu waliandika kwenye vipeperushi kwamba mimi ni muuguzi. Niliona, nikanyamaza. Watu wakiniita muuguzi, naitika. Siku moja baba mmoja akanijia mbio na mtoto mwenye homa kali, ati nimtazame. Nikamwambia, kimbia hospitali, mimi ni dobi tu. Kesho yake nikasimama ukumbini nikawaambia watu wote."

"Mtoto alipona?"

"Alipona, Mungu ashukuriwe. Mimi sasa, nilizomewa, nikashindwa kwa kura kumi na moja. Nikarudi kufua. Baada ya miaka miwili nikagombea tena, nikashinda. Sheria yangu ya kwanza ilihusu glavu ngumu za madobi, maana sindano husahaulika ndani ya mashuka na kutuchoma. Bunge zima, nani mwingine angelijua hilo?"

Akamsogezea simu. "Haya, mpigie mwalimu wako."

Odile alieleza yote.

"Umenisikitisha," alisema Bwana Pelletier. "Lakini umewahi. Vijitabu vya sherehe havijachapwa. Niletee wasifu mpya kesho saa mbili asubuhi. Na Jumatatu utabaki baada ya masomo."

"Asante, Mwalimu!" Hata adhabu aliipokea kama zawadi. Alishusha pumzi, akaomba kalamu.

Jumamosi alisoma wasifu wa kweli. Aliposema "kura kumi na moja," ukumbi uliangua kicheko. Aliposema "glavu," wanawake watatu wa nyuma, madobi wa hospitali, walisimama wakapiga makofi, na watu wote wakawafuata.

Bi Rosanne alimkumbatia.

"Ulidhani unanipamba, Odile," alimwambia, "kumbe ulikuwa unanifuta. Mtu akisifiwa kwa asichokifanya, alichokifanya hupotea. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu hajakuletea mgonjwa."