Mgeni wa Madam Sora

Apa kwanza. Sema wallahi hutamwambia mtu, maana hata mimi nilimwapia Ikhlas, na sasa mdomo unaniwasha.

Ilianza na wali kukosa ladha. Ikhlas, mtoto wa Mombasa, anafanya kazi za ndani huko Uarabuni, mtaa wa Al Warqa, kwa Madam Sora, Mkorea anayetunga muziki wa okestra na kuuchanganya na zeze la kwao la nyuzi kumi na mbili. Mume hana, mtoto hana, simu yake hailii. Siku ya kumkumbuka marehemu mamake aliandaa meza kwa mila yao: wali, samaki, kijiko kimesimamishwa bakulini, na mlango wa nyuma wazi ili roho iingie kula.

"Madam, ni magharibi hii, funga," Ikhlas akanong'ona.

"Mama atapitia wapi?"

Kilichoingia hakikuwa mama. Wali haukupungua hata punje, lakini Ikhlas alipouonja aliutema, ulikuwa kama umenyonywa. Tangu hapo kila magharibi zeze likalia lenyewe chumbani, likiendeleza wimbo pale Madam alipokwama, na nyumba ikanuka manyoya yanayoungua, na kadiri wimbo ulivyonenepa ndivyo Madam alivyokonda, mashavu yakaingia ndani, hata Ikhlas akaona akinyamaza atamkuta maiti.

Akamleta Bi Shifaa, mganga wa kisomo, Mzanzibari wa mtaa wa Al Qusais. Akasoma, akafukiza, akanyunyiza kombe, maji yaliyooshewa aya, kizingitini.

"Khalas, katoka. Ila mlango huu usifunguliwe tena magharibi."

Kesho yake zeze likalia.

Ikhlas akamvaa mlinzi. "Ni wewe, Dancan! Unafungua ukavute sigara!"

"Mimi? Aki dada, huo mlango hata wanifute kazi siugusi!"

Basi magharibi wakajibanza jikoni watatu, taa zimezimwa, Dancan amemng'ang'ania Bi Shifaa kanga kama mtoto, wakasikia komeo likivutwa polepole, na ile harufu ikawajaa puani mpaka machozi yakawatoka, ndipo Bi Shifaa akawasha taa.

Madam Sora amepiga magoti kizingitini, mlango wazi, kalinyooshea giza kijiko cha wali. Na kijiko kile kilikuwa kimeshikwa pia upande wa pili, kwa vidole virefu visivyo na kucha.

"Madam!" Ikhlas akalia. "Huyo si mama yako!"

"Najua." Hakugeuza hata kichwa. "Mama hakuupenda muziki wangu hata siku moja. Huyu anausikiliza."