Risasi Isiyoandikwa Daftarini

Daktari wa wanyama aliitazama picha ya eksirei, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaitazama tena. Ilikuwa Alhamisi, tarehe ishirini na tano Septemba, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, katika kliniki moja mjini Östersund. Mezani alilazwa Yrsa, mbwa jike wa kijivu wa miaka minane, aliyefia msituni siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu wakubwa wa kaskazini na kukaa kwenye jokofu tangu hapo.

“Fomu ya bima inasema alipigwa teke na kulungu,” daktari alisema. “Teke gani hili linaloacha chuma ndani ya pafu?”

Ragnhild Norlén, mpelelezi wa kampuni iliyomkatia Yrsa bima, aliisogelea picha. Alikuja kwa ajili ya nyonga tu. Mbwa huyo aliwahi kutibiwa nyonga, na kampuni ilitaka kuhakikisha kwamba alikuwa mzima wa kumkimbiza mnyama mkubwa kuliko farasi. Sasa daktari alikuwa akichomoa kwa koleo kipande kidogo kama dengu. Tundu kilipopitia lilikuwa dogo vilevile, limefichwa na manyoya mazito.

Ragnhild alikibonyeza kwa ukucha, kikaacha alama. “Laini,” akasema.

“Kama chubwi ya ndoana. Ni kipasuko cha risasi iliyogonga jiwe kwanza. Risasi za siku hizi ni shaba tupu, hazipasuki hivi. Hii ni ya kizamani, ya madini laini ya risasi.”

Kabla ya saa sita mchana wakubwa wa kampuni walishakata shauri: mwenye mbwa ni mwongo, na Jumatatu barua ingekwenda polisi. Ragnhild alizaliwa katika mabonde ya huko, na alijua maana ya barua ile. Anayetiwa hatiani kwa udanganyifu hunyang’anywa bunduki, na kijijini Hallåsen, alikoishi mwenye mbwa, mtu asiye na bunduki mwezi Septemba huwa mgeni nyumbani kwake. Aliomba apewe hadi Jumamosi.

Alifika kwa Tyra Wikberg, mwenye mbwa, saa tisa alasiri.

“Kapigwa risasi?” Tyra alishika mwimo wa mlango. “Yrsa wangu?”

“Wewe umeandika teke.”

“Nimeandika nilichoambiwa! Mimi nilikuwa nyuma ya kilima, mita mia sita. Aliyemkuta ni baba mkubwa Hilding, kiongozi wetu. Kaniletea mbwa mikononi, analia. Umewahi kumwona Hilding analia?”

“Alikuwa amevaa nini?”

“Hilding?”

“Mbwa, Tyra.”

“Kola ya setilaiti, na kizibao chake cha rangi ya chungwa. Nilimfunga mwenyewe.” Akasita. “Kizibao hakikurudi. Baba mkubwa alisema labda kilinasa vichakani.”

“Unatumia risasi gani?”

“Shaba. Karibu kundi zima tuliacha zile za zamani zenye sumu, kwa ajili ya watoto wanaokula ile nyama. Unanishuku, siyo?”

“Ndiyo kazi yangu.”

“Basi kazi yako mbaya.”

Ragnhild hakubisha. Siku hizo naye alikuwa akiiona hivyo hivyo.

Walifungua kumbukumbu ya kola kwenye simu. Kola za wawindaji huhesabu mibweko, ili mwenye mbwa ajue kama kulungu amesimamishwa au anakimbia. Asubuhi ile Yrsa alikuwa kwenye kinamasi kidogo, akibweka mara sabini na moja kwa dakika. Saa mbili na dakika hamsini na mbili ilisajiliwa mibweko mitatu. Dakika iliyofuata, sifuri.

“Mlisikia bunduki?”

“Mlio mmoja, kabla ya saa tatu. Tukadhani ni kundi la ng’ambo ya mto. Kwetu mtu akifyatua hutangaza redioni papo hapo, na baba mkubwa anaandika daftarini. Siku ile hakuna aliyetangaza.”

“Nani angetamani Yrsa afe?”

Tyra alicheka bila furaha. “Nenda kwa Egon. Ameapa kumuua mbele ya duka zima.”

Egon Flink, mfuga kondoo, hakungoja kuulizwa mara mbili Ijumaa asubuhi.

“Yule mbwa alinitawanyia kondoo mara mbili,” alisema, akiwa ameegemea lango. “Nilimchukia, ndiyo. Kumchukia na kumuua ni mambo mawili. Mke wangu ananichukia mwaka wa ishirini huu, na mimi huyu hapa, nadunda.”

“Jumatatu ile ya kwanza ya msimu, saa tatu kasoro, ulikuwa wapi?”

“Kwa daktari wa meno, mjini, nimeachama kama kinda la ndege.” Akavuta shavu kuonyesha jino jipya. “Mpigie umuulize. Mwambie pia bado linauma.”

Ragnhild alimpigia. Egon alikuwa ameketi kwenye kiti cha daktari tangu saa mbili na nusu.

Saa nane mchana alibisha hodi kwa Hilding Wikberg. Mzee alikuwa na miaka sabini na tisa, mrefu, mikono mizito, na ukarimu wa kumfanya mpelelezi aone haya kutoa kalamu. Alimkaribisha kiti, akamimina kahawa huku ncha ya kidole ikiwa ndani ya ukingo wa kikombe, akaacha kumimina ilipogusa kidole. Kwenye rafu palikuwa na mashine ndogo ya kushindilia risasi na makopo ya baruti.

“Bado unashindilia mwenyewe?”

“Za dukani mie sizitaki, mwanangu. Shaba, shaba! Baba yangu alikula nyama ya risasi hizi akafika miaka tisini.”

“Nieleze kuhusu Yrsa.”

“Nilikuwa kituo cha nne cha kuvizia. Nasikia anabweka vizuri, mara kimya. Nikashuka, nikamkuta amelala. Teke la kulungu halina huruma.”

“Hukufyatua?”

“Daftari hilo hapo. Soma.”

Ragnhild alisoma. Herufi zilikuwa kubwa mno, na mistari ilipandiana kama watu wanaogombania mlango. Hakukuwa na risasi iliyoandikwa kabla ya saa tano. Alipiga picha ukurasa ule, akashukuru kwa kahawa. Garini alimpigia kiongozi wa kundi la ng’ambo ya mto.

“Sisi? Risasi yetu ya kwanza ilikuwa saa nne na dakika ishirini,” sauti ilijibu. “Ule mlio wa kabla tuliusikia, ukitokea upande wa Hallåsen.”

Alikaa ameshika usukani bila kuwasha gari. Uongo wa mtu mbaya hufukuliwa kwa hamu. Uongo wa mtu mwema hata mpelelezi hatamani kuufikia.

Jumamosi saa nne asubuhi alirudi kwa Hilding pamoja na Tyra. Waliacha viatu barazani, wakaingia jikoni kwa soksi. Hilding aliketi akielekea dirisha, jua likimpiga usoni. Ragnhild alikiweka kile kipande kama dengu mezani.

“Hiki kimetoka kwenye pafu la Yrsa,” alisema. “Mlio ulikuwa mmoja, na haukutoka ng’ambo ya mto. Egon alikuwa kwa daktari wa meno. Kina Tyra wanatumia shaba, na hii si shaba. Kinamasi kiko hatua sitini chini ya kituo cha nne. Hilding, nimeinua vidole vingapi?”

Mzee aligeuza uso kuielekea sauti.

“Viwili,” alisema.

Tyra aliziba mdomo kwa kiganja. Mikono yote miwili ya Ragnhild ilikuwa mapajani. Alijuta kuuliza mbele ya Tyra, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

“Mtoto wa jicho,” Hilding alisema hatimaye. “Yote mawili. Kulungu nilimwona, kivuli kikubwa. Yrsa sikumwona. Nilimsikia tu, nikadhani yuko upande wa pili. Nikafyatua, ikalia kwenye jiwe, kisha…” Akafuta meza kwa kiganja. “Kisha sikumsikia tena.”

“Na kizibao?”

Aliinuka, akapapasa ufunguo shingoni, akafungua kabati la bunduki. Kizibao kilikuwa chini, kimekunjwa, na tundu lake na doa lake. “Nilimwosha damu kinamasini. Hiki nilitaka kukichoma, nikashindwa. Mama yake Yrsa alimzalia hapo kando ya jiko.”

“Mtoto wa jicho hupasuliwa asubuhi, mchana mtu yuko kwake!” Tyra alisema. “Kwa nini hukwenda?”

“Daktari akiona jicho kama hili hunyamaza? Anaandika barua, wanakuja kuchukua bunduki. Ningeukosa msimu mzima. Nimeliongoza kundi hili miaka thelathini na moja, Tyra.”

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Safari hii kifo kilikuwa cha mbwa, na aibu ikamwangukia mtu mwingine.

“Ajali ya bunduki ya mwindaji mwenza imo ndani ya bima,” Ragnhild alisema taratibu. “Ungesema siku ileile, Tyra angelipwa bila swali. Teke lako ndilo lililomfanya aonekane mwongo.”

“Nilidhani watalipa, yaishe.”

“Barua ya kwanza ya kampuni, ya kuuliza nyonga, nilikusomea mimi, mezani hapa,” Tyra alisema. “Nilikuwa natetemeka, baba mkubwa. Ukanipa kipande cha keki, ukasema watanyooka tu. Ungeniambia macho yamekwisha, ningekaa kituoni na wewe. Ningekuwa nakuonyesha.”

“Hicho ndicho nilichokiogopa,” alisema Hilding.

Ragnhild aliinamia karatasi zake. Alifuta neno “udanganyifu” kwenye jalada la Tyra, akaandika “ajali”, kisha akaanza taarifa nyingine, ya risasi ya Hilding, ambayo sheria ilimlazimu kuipeleka polisi. Alimsomea Hilding kila mstari. Mzee alikubali yote, akauliza tu kama wangeweza kuja kuchukua bunduki bila gari lenye taa. Ragnhild alisema atawaomba.

Kisha Hilding akaanza kuomba radhi. Haikumwia rahisi, maana hakuwa amezoea. Alisema alipaswa kusema palepale kinamasini. Alisema kila Jumapili alikusudia kusema, na kila Jumapili aliposikia kicheko cha Tyra mlangoni, alisema wiki ijayo. Alisema atamtafutia mtoto wa mbwa aliye bora kuliko wote bondeni, kama atakubali kitu kutoka mkononi mwake. “Sema lolote, mwanangu,” alisema. “Nitukane basi.”

Uso wake ulikielekea kiti cha Tyra. Tyra alikuwa ameshatoka, kwa soksi zake, bila kishindo, tangu maneno ya kwanza. Ragnhild alifungua kinywa ili amwambie, akakosa moyo, akamwacha mzee aendelee kungoja jibu.