Busha la Bwanausi

Jamvi lilinuka damu kabla hata wembe haujatoka mkobani. Mwanamvua aliisikia harufu ile, akamtazama mumewe. Bwanausi, busha kama mtungi, kichwa kigumu kuliko mtungi, alikuwa amejilaza uani akijipepea.

Ngariba Pazi, mpasuaji kutoka Zinga, alianza maswali yake ya kila siku.

"Umekula?"

"Sijala."

Mwongo mkubwa! Alfajiri ile ile alifakamia bokoboko.

"Una jini wa urithi? Mwenye Subiani hapasuliwi mpaka achinjiwe jogoo mwekundu, jini anywe, ashibe. Akionja damu yako na njaa yake, hatoki tena. Atakaa ndani yako kungoja damu nyingine."

Mwanamvua, mwenye mimba ya miezi minane, alishika tumbo. "Anaye, babu. Alikuwa wa marehemu mama yake. Nakuomba, mchinjie kwanza."

"Nyamaza we!" Bwanausi alifoka. "Majini ni mambo ya wanawake. Mimi mwanamume! Kata, mzee. Wallahi sina jini!"

Mwanamume! Huyo huyo aliyelia mtaa mzima ukasikia, siku alipochomwa na mwiba wa samaki. Lakini alikuwa ameshaapa, na Pazi akakata.

Maji yakatoka, Bwanausi akatapika bokoboko lote alilosema hakulila, kisha ikaja damu, na hapo, jua likiwaka na kuku wa jirani wakiparura uani, ikasikika sauti ya kunyonya, taratibu kwanza, halafu kwa pupa, kama mtoto aliyecheleweshewa ziwa, na damu ikawa inapotelea hewani kabla ya kugusa jamvi, na udi ambao hakuna aliyeuchoma ukanukia mpaka Pazi akauangusha wembe, akaanza kusoma Ayatul Kursiy huku akiruka maneno.

Kunyonya kukakoma. Kidonda kilikuwa kimefunga.

"Nimepona!" Bwanausi alicheka. "Jini lenu liko wapi?"

Pazi alikusanya vyombo vyake. "Nisamehe, mwanangu," alimnong'oneza Mwanamvua, akaondoka mbio.

Mwanamvua alilitazama jamvi. Kavu, hata tone hakuna. Mpumbavu wee, aliwaza, akitamani kumtemea mate. Aibu yako ya bure umeifanya iwe msiba wa mwanangu.

Bwanausi alimwekea kiganja tumboni, kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha tangu amwoe. Alipofungua kinywa, ikatoka sauti ya marehemu mama yake.

"Mkwe wangu, huyu unamzaa lini?"