Cheo cha Mjomba Ansbert

Kila alasiri, akitoka shule, Jovina alipita karakana ya Fundi Mfaume pale Keko kuzoa maranda ya kuwashia moto. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo usiojua likizo. Lakini juma lile, mwaka 1949, mdomo ulifungwa kabisa. Fundi alikuwa akichonga ubao wa mninga wenye majina ya askari wanne wa mtaa waliokufa Somalia wakilinda amani baada ya vita kuu. Jina la nne kwenye orodha aliyopewa lilikuwa la mjomba wake: Sajini Ansbert.

Tatizo, mjomba hakuwa sajini. Alikuwa mpishi.

Ilianzia darasani. Mwalimu, aliyeandaa orodha hiyo, alipouliza vyeo vya marehemu, Matar, bingwa wa uchokozi, alinong'ona, "Wa kwako alipigana na vitunguu!" Wenzake wakaangua kicheko. Jovina akapayuka, "Sajini, Mwalimu!" Mwalimu akaandika.

Sasa patasi ilikuwa kwenye jina la tatu. Na Jumamosi, ubao ukizinduliwa, Jovina ndiye angemsomea Bibi, asiyejua kusoma, jina la mwanawe mbele ya watu. Amdanganye mama mzazi?

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Maranda yako yale pale."

"Fundi, usichonge la nne! Nilisema uongo. Mjomba alikuwa mpishi tu."

Fundi akaiweka patasi chini. "Tu? Mie nilikuwa naye huko. Nilipoona 'Sajini' nikadhani wakubwa wamempa cheo baada ya kufa, nikafurahi. Sikiliza. Tulikuwa tunalinda kisima, watu wasiuane kwa ajili ya maji. Majambazi wakatuzingira siku mbili, hatujala. Mjomba wako akaja anatambaa na sufuria la wali mgongoni, risasi zinapita juu, bado anatania: 'Atakayelalamikia chumvi, arudishe!' Tukala. Akaenda kuleta la pili. Hakufika."

Jovina alilia.

"Futa machozi, kamwambie Mwalimu mwenyewe. Orodha ni yake."

Kesho yake alisimama mbele ya darasa, akaungama, akasimulia habari za wali ule. Matar alikuwa amekwishapanua mdomo acheke, akaufunga taratibu.

Jumamosi Jovina alisoma kwa sauti: "Mpishi Ansbert."

"Rudia," Bibi alisema. Akarudia. Kisha Fundi akamweleza Bibi yote: sufuria la wali, uongo wa Jovina na kuungama kwake.

Bibi akamshika Jovina mkono. "Mjukuu wangu, mwanangu hakulionea haya sufuria lake. Ukimpenda mtu, msifu kwa alilolitenda. Ukimsifu kwa uongo, unamsifu mtu mwingine, na wako unamsahau."