Kofia Kwenye Meza ya Nane

Saa nne asubuhi mtaa wa Mchangani, mjini Unguja, haupitiki. Vitambaa vimetundikwa mpaka juu ya milango, wauzaji wanaita, vespa zinapiga honi migongoni mwa watu. Katikati ya msongamano huo alipita kijana aliyevaa shati jeupe lisilo hata kunjo moja, suruali nyeusi na viatu vilivyopigwa rangi vikang'aa. Nyuma yake walifuatana wazungu watatu wanene, wote na kaptura. Aliwaongoza kama mwalimu anayevusha watoto barabara, akaingia nao duka la nguo la Bi Tahiya.

Dukani alikuwapo Nadra, binti wa Bi Tahiya, mwenye miaka ishirini na sita. Alivaa abaya nyeusi na mtandio wa zambarau, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Kijana alijitambulisha kuwa ni Kheir, mtu wa Kwahani, mhudumu wa ukumbi wa chakula katika meli kubwa ya watalii iliyofunga gati alfajiri ile. Usiku huo kulikuwa na chakula rasmi, na mabwana hawa hawakuwa na suruali ndefu hata moja.

"Wakija na kaptura?" Nadra aliuliza.

"Nnawarudisha mlangoni."

"Wewe? Huyo wa mwisho atakubeba kwapani."

"Nnawarudisha kwa adabu, dada. Mpaka anafika chumbani kwake anadhani ni yeye aliyetaka kubadilisha."

Nadra alicheka, akamrushia futi awapime yeye mwenyewe, maana hakuwa na desturi ya kupima viuno vya wanaume asiowajua. Kheir aliizungusha futi kinyume, namba zikaangalia tumboni kwa mzungu, ikabidi aanze upya. Nadra hakumwachia. Alimuuliza kama huko melini pia sahani wanazipanga kichwa chini.

Alasiri Kheir alirudi kuchukua suruali zilizopunguzwa. Aliomba namba ya simu, kwa ajili, alisema, ya dharura za suruali.

"Ya duka au yangu?"

"Ile inayopokewa upesi."

Alipewa ya Nadra.

Ikawa mwaka na nusu wa simu. Meli ikifika bandari yenye mtandao, simu ya Nadra ililia, na Bi Tahiya akaongeza sauti ya redio ili wasidhani anasikiliza, ingawa alikuwa anasikiliza. Kheir alisimulia mambo ya ukumbi: bibi anayekuja mezani na pilipili yake mkobani, mume na mke wanaogombania kiti cha dirishani kila usiku, bwana aliyekuwa akiwaita wahudumu kwa kupiga vidole mpaka mkewe mwenyewe akahama meza. Alimfundisha Nadra uma upi unaanza. Nadra alimjibu kwamba kwao unaanza mkono wa kulia na haujawahi kupotea.

"Nimekukosa, laazizi," Kheir alisema siku moja.

"Umenikosa, au umekosa mtu wa kukucheka?"

"Vyote, roho yangu. Huku wananiheshimu mpaka nnachoka."

Alipokuja likizo, Nadra alimpa kofia. Hapa pana jambo la kueleza. Kofia ya vito, ya kushonwa kwa sindano, tundu moja baada ya jingine, ni kazi ya miezi. Msichana wa mjini kwetu akimshonea mwanamme ambaye si baba wala kaka, ameshamjibu hata kabla hajaulizwa. Nadra alishona miezi mitano, maua ya asumini kuzunguka kichwa, na ndani akatia herufi mbili ndogo, K na N. Ua moja lilimtoka na majani sita badala ya matano, usiku aliokuwa na homa. Aliliacha.

"Jibu ndilo hilo," alimwambia. "Ukimaliza mkataba lete wazee."

Kheir aliivaa, akajiangalia kwenye kioo cha duka. Akaondoka nayo.

Mkataba ulikuwa umebakia miezi mitatu pale watu wa Yussuf walipoleta posa. Yussuf ana duka la simu Darajani, kijana mzuri, haendi safari, analala kwao kila siku. Bi Tahiya hakumficha binti yake lolote. Alimwambia watu hao wanataka jibu Ijumaa baada ya sala, na kofia si posa. Ikiwa Kheir ana nia, basi nia ije na watu. Nadra alisema Kheir anamtosha na yeye atamngoja. Bahati ikawa meli ya Kheir inapita Unguja Alkhamisi, siku moja tu kabla.

Alkhamisi hiyo saa tatu asubuhi Nadra alikuwa mtaa wa Gizenga akipeleka mashuka kwa mteja. Mbele ya duka la viungo alisimama mzee wa kizungu, mrefu, amekonda, shati la kitani, na mkewe amemshika mkono. Kichwani alikuwa na kofia ya vito. Nadra aliipita, kisha akarudi nyuma. Maua ya asumini. Alizunguka kama anayechagua iliki, akahesabu. Ua la tatu kutoka sikio la kushoto lilikuwa na majani sita.

Alipiga simu pale pale.

"Kofia yangu iko wapi, Kheir?"

Upande wa pili vilisikika vijiko vikiwekwa mezani.

"Nimempa abiria."

"Kwa nini?"

"Aliihitaji."

"Aliihitaji kwa nini? Jua? Si kuna kofia za ukindu kila kona?"

"Siwezi kukwambia, Nadra. Niamini."

"Nimetoboa vidole miezi mitano, unanambia huwezi kunambia?"

Kheir alimwita mara mbili. Nadra alikata.

Alifika dukani akalia nyuma ya majora, halafu akanawa uso akamwambia mama yake awajibu watu wa Yussuf kwamba amekubali. Bi Tahiya alikuwa anakunja vitenge na hakuacha kukunja. Alisema yeye hatoi mtoto kwa hasira. Yussuf naye ana mama, na mama wa watu hastahili kuletewa mke aliyekuja kumkomoa mwengine. Kheir alikuwa ameshaacha vibali viwili kwenye geti la bandari, kwa ajili ya familia kupanda meli mchana.

"Tunakwenda," Bi Tahiya alisema. "Ukimwacha, umwache ukimtazama machoni. Vaa ile abaya ya kijani, hiyo umeifutia makamasi."

Ukumbi wa chakula ulikuwa mkubwa kuliko msikiti wa mtaani kwao, mazulia mekundu, vitambaa vyeupe, glasi nne kwa kila mtu. Mlangoni kilisimama kibao cha masharti: hapana nguo za kuogelea, hapana fulana zisizo mikono, hapana kofia. Kando ya kibao alisimama Kheir, koti jeupe lenye vifungo vya shaba. Alipowaona rangi ilimbadilika, lakini mbele yao alikuwa na kazi. Bwana mmoja alikuja na bukta inayochuruzika maji. Kheir aliinama kidogo, akamwambia maneno mawili matatu, akamwonesha njia, na bwana akageuka huku anamshukuru.

"Huyu kalelewa," Bi Tahiya alinong'ona.

Halafu alikuja yule mzee na mkewe. Alivaa kanzu safi na ile kofia. Kheir aliwafungulia njia, na watu wa meza ya nane wakamwita mzee kwa mikono kama wanaomwita ndugu.

Nadra aliwahi mbele. Kiingereza chake ni cha dukani lakini kinatosha. Alisema kofia ile ameishona yeye, na anaomba kuiona ndani. Kheir alitaka kuingia kati. Mzee akamzuia kwa kiganja. Alimtazama mkewe, mkewe akaitikia kwa kichwa. Wakasogea pembeni, nyuma ya nguzo, na mzee akaivua.

Kichwa kilikuwa hakina unywele. Kovu jekundu, bichi, lilikata kutoka sikio hadi sikio, na upande mmoja mfupa ulikuwa umebonyea kama sufuria iliyoanguka. Nadra alisahau kutazama herufi. Mzee alisimama ameinamisha macho, kofia mkononi, kama mtu anayengoja kuambiwa atoke.

Bi Tahiya ndiye aliyesogea. Aliichukua kofia, akamvisha mwenyewe, akaivuta mbele, akaisawazisha kwa viganja viwili kama alivyokuwa akimfanyia marehemu mumewe siku ya Idi.

"Mwambie asiivae kisogoni," alimwambia Kheir. "Inataka kushika kipaji cha uso. Hivi. Sasa ni bwana."

Kheir alitafsiri. Mzee alicheka, na machozi yakamtoka hapo hapo.

Mkewe ndiye aliyeeleza. Walipopanda meli mumewe alikuwa na kofia ya michezo, na Kheir, kwa amri, alimsimamisha mlangoni. Mzee aliivua, akaingia, na meza nzima ikaacha kula. Tangu usiku ule walikula chumbani, siku tisa, wawili peke yao, safari waliyoisubiri tangu hospitali. Siku ya kumi Kheir aligonga mlango wao na kanzu na kofia, na nafasi kwenye meza ya nane, kwa watu wasiokuwa wamemwona usiku ule. Alikuwa amekwenda kwa mkuu wa ukumbi kuuliza kama vazi rasmi la kwao Unguja linakubalika mezani, akaambiwa linakubalika zima, na kofia ndani yake. Mzee alimwomba kitu kimoja: asimwambie mtu yeyote kilichomo chini. Bibi alimshika Nadra mikono akamshukuru. Akasema hajui ni shukurani gani inayotosha kwa mtu aliyemrudishia mume mezani.

Nadra alimfuata Kheir kwenye ujia.

"Ungenambia mimi."

"Nilimuahidi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Na siku ukiwa wangu, ya kwako nayo hayatomfikia mtu."

Nadra alitazama vifungo vya koti lake.

"Lakini nimeitoa bila kukuuliza," Kheir aliongeza. "Hapo nimekosa. Ilikuwa jibu lako, si kofia tu. Nisamehe, habibti."

"Nimekusamehe tangu pale kwenye nguzo. Nilikuwa nakusubiri uombe."

Bi Tahiya alikohoa nyuma yao. Alitaka kujua Kheir ana muda gani kabla ya kurudi kazini. Kheir alisema ana masaa mawili; meli inaondoka saa kumi na moja. Bi Tahiya akamuuliza wazee wake wako wapi. Kwahani, alisema Kheir, baba yake mdogo Mcha yupo nyumbani.

"Mpigie. Nyumba yangu iko Malindi, mkipita mbio ni dakika tano kutoka getini."

"Na koti hili, mama? Posa na nguo za kazi?"

"Kwangu sharti la mlangoni ni kuvua viatu. Twende."

Mzee Mcha alifika kwa bodaboda akiwa na kanzu aliyoivalia njiani, kifungo kimoja kimekosewa. Hakukuwa na sinia wala halua. Alisema maneno ya posa akihema, Bi Tahiya akamjibu kwamba binti amesikilizwa na amekubali, na ndoa itakuwa mkataba ukiisha. Kisha alichukua simu, akampigia mama yake Yussuf, akamweleza wazi wazi, akamshukuru kwa kuwatukuza, na akamwombea mwanawe mke mwema. Walimaliza kwa kuulizana habari za maumivu ya miguu.

Kheir alitazama saa, akainuka kuaga. Bi Tahiya alimwonesha mkeka. Wali wa nazi ulikuwa umeshapakuliwa, na changu wa kukaanga, na achari.

"Toka lini hujakaa ukaletewa chakula wewe?"

Kheir alifikiri. Hakumbuki, alisema.

Akakaa. Nadra alipiga magoti mbele yake na birika na beseni, akammiminia maji mikononi polepole, na Kheir akashindwa kuinua uso.

"Ahsante," alisema. "Ahsanteni."

"Kula, mwanangu," alisema Bi Tahiya. "Meli haingoji mtu anayeshukuru."

Akala, wote wakimtazama, mpaka sahani ikawa nyeupe.