Jina Lililokatazwa Nyumbani

Jumamosi ya tatu mfululizo, Kadii alifagia ua, akavaa nguo safi, akatoka kijijini kwao Tezo kwenda maktaba ya mjini Kilifi. Mwalimu Ngowa alikuwa amemchagua aiwakilishe shule katika mashindano ya insha za historia. Mada ilikuwa kaya za Wamijikenda, yaani makazi yao matakatifu ya kale msituni, na sharti lilikuwa moja tu: kila mshindani ategemee walau kitabu kimoja cha zamani.

Kwenye kompyuta yenye katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba, aliandika “Mijikenda”. Vikaja vitabu vinne, vyote vipya. Kumuuliza mkutubi, Bi Raiya, aliona haya. Akarudi mikono mitupu, moyo umemvunjika.

Jumatatu alifanya jambo baya. Chini ya insha yake aliandika jina la kitabu alichokibuni mwenyewe, pamoja na mwandishi na mwaka. Mwalimu alifurahi mno, akamtaka amletee namba ya kitabu hicho ili naye akakisome. Hapo maji yakazidi unga. Siku nne alimkwepa mwalimu. Alitamani hata maktaba iungue, kisha akalia kwa kutamani hivyo.

Ijumaa alikiri. Mwalimu hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Alimwambia kwa upole kwamba nafasi yake atapewa Katana, mwanafunzi mwenzake, kisha akamtuma maktaba akaulize alichokosa kuuliza.

Jumamosi Bi Raiya alimsikiliza mpaka mwisho, akamketisha mbele ya kompyuta.

“Mwandishi wa miaka ya zamani hakulijua jina la Mijikenda, mwanangu. Andika ‘Nyika’.”

Kadii alishusha mikono. Kwao, kumwita mtu Mnyika, yaani mtu wa porini, ni kumtukana. Kakake Ziro aliwahi kulitamka kwa mzaha, nyanya yao, waliyemwita Hawe, akamlaza njaa.

“Siwezi, Bi. Hawe akijua atalia.”

“Ana haki ya kulia. Wazee wangu mimi, Waswahili wa mjini, ndio waliowaita wenu hivyo, wala sioni fahari. Lakini waandishi walilichukua neno hilo, na vitabu vimelala chini yake. Usipoliandika, havitaamka.”

Kadii aliandika herufi moja moja. Vikatokea vitabu tisa, kimoja cha zaidi ya miaka mia. Wiki zote tatu vilikuwa pale pale, hatua chache kutoka kiti chake. Alilia bila kujificha.

Jumatatu alimpelekea Mwalimu Ngowa karatasi yenye namba ya kile kitabu cha zamani. Mwalimu aliisoma, akampa Katana.

“Umefanya kazi nzuri, ila imechelewa,” alimwambia Kadii. “Kukosa kitabu si aibu. Ungeniambia umekikosa, tungekitafuta pamoja, na mashindanoni ungekwenda wewe. Ukikikosa, uliza; ukibuni, umejifungia mlango mwenyewe.”

Kadii aliitikia. Alimtazama Katana akiikunja ile karatasi na kuitia mfukoni, naye akainama kulifuta jina la kile kitabu cha uongo katika insha yake.