Fyeka Kuanzia Ukutani

Kila Jumamosi Agnella humaliza kuosha vyombo mapema, kisha hukimbilia uwanjani kwao Lipangalala kucheza netiboli. Jumamosi hii alikuwa kijijini Namawala, ameshika fyekeo, na roho haikumtulia hata kidogo.

Nyumba ya marehemu babu ilikuwa imepangishwa miaka tisa. Wapangaji wa mwisho waliondoka bila kuaga, na majani yakapanda mpaka madirishani; leo familia ilikuja kuisafisha. Ngedere wawili walikaa juu ya bati wakiwakaripia wageni, utadhani wao ndio wenye nyumba.

“Wewe fyeka nyuma,” alisema baba yake, Tadei, akibeba ngazi. “Anzia ukutani, uende ukitoka nje. Usianzie pembeni. Umenisikia?”

“Ndiyo, baba.”

Kumbe ukutani upupu ulikuwa umetambaa kote. Agnella alijikuna hata kabla hajaugusa. Akaanzia pembeni, kwenye majani laini, akizunguka haraka haraka ili amalize awahi mchezo. Mwisho yalibaki majani ya ukutani tu.

Ghafla majani yakatikisika. Nyoka mweusi, mnene kama mpini wa jembe, alichomoka na kupenya chini ya mlango wa nyuma. Akaingia ndani.

Agnella aliganda. Akisema, baba atajua kwamba hakutii. Labda nyoka atatoka mwenyewe. Alifyeka mara mbili, akaacha. Akaenda kwenye ndoo ya maji, asinywe, akarudi. 

Mama yake, Klementina, alitokea na ufagio. “Msipige kelele, Beno amelala. Nimemlaza chumba cha nyuma, kuna ubaridi.”

Beno alikuwa mdogo wake wa miaka mitatu.

“Mama, mtoe Beno!” Agnella alipiga yowe. “Nyoka ameingia ndani! Ni mimi, nilianzia pembeni!”

Mama alitupa ufagio. Aliingia mbio, akatoka amemkumbatia Beno aliyekuwa bado anasinzia. Baba aliruka kutoka kwenye ngazi. Mabula, jirani wa hapo kijijini, alisikia yowe, akaja na mti mrefu.

“Msimzingire,” alisema Mabula. “Mpeni njia. Tadei, fyeka hapo mlangoni kuelekea porini.”

Baba alifyeka upupu wote bila kujali muwasho, akaufungua mlango wa nyuma. Mabula alisimama mbali, akayainua kwa mti magunia makuukuu waliyoyaacha wapangaji chumbani. Yule nyoka, kumbe ni swila, akainua kichwa, akavimbisha shingo. Alipouona mwanga aliteleza nje, akapotelea porini.

Kutoka kwenye magunia hadi mkeka wa Beno zilikuwa hatua tatu. Agnella alilia kwa kwikwi.

Baba alikaa karibu naye, akijikuna mikono. “Nyoka hulikimbia fyekeo, mwanangu. Ukianzia ukutani, unampeleka porini. Ukianzia pembeni, unamleta ndani. Nilipaswa kukueleza sababu, nawe ulipaswa kutii. Sasa niambie, ulipomwona, ulinyamaza kwa muda gani?”

“Nilikwenda hadi kwenye ndoo, nikarudi.”

“Huo muda ndio unaonitisha kuliko swila. Kuukwepa upupu, hata mimi nilipokuwa mdogo niliukwepa. Lakini ukikosea, sema hapo hapo, kosa lako lisije likafika kwanza pale alipolala mwenzako.”